Rangi ya Dukani, Rangi ya Barazani: Mwongozo Kamili wa Kukagua Kitambaa kwa Mwanga

Miaka kadhaa iliyopita nilipewa kazi ya kushona sare za sendofu za kina mama 18. Rangi waliyoafikiana ilikuwa damu ya mzee, mita 3 kila mmoja, jumla mita 54. Jora moja halikutosha. Muuzaji akateremsha la pili, tukayalaza mezani pamoja chini ya taa zake nyeupe. Ilikuwa saa moja na nusu usiku, Kariakoo inafunga, na winga, yaani dalali wa mtaani, aliyenipeleka pale amesimama mlangoni anaangalia saa. Nikatazama, nikapapasa, nikaona kitu kimoja. Nikalipa.

Siku ya tatu asubuhi nilitandaza vipande kwenye mkeka barazani kwangu, Magomeni, nianze kuunga. Nilidhani macho yana ukungu. Blauzi tisa zilikuwa damu ya mzee. Tisa nyingine zilikuwa zimeegemea kahawia, kama chai ya rangi iliyolala. Shangazi wa bi harusi alipokuja kujaribu yake hakuzunguka mbuyu: "Fundi, kwani tumekuwa kamati mbili?"

Niliokoa jahazi kwa kuwapa mashangazi jora moja na mama wadogo jora lingine, nikasema ndio mtindo wa siku hizi. Walikubali kwa shingo upande, na hela ya ufundi ikakatwa. Muuzaji sikumlaumu, maana nilirudi dukani kwake usiku mwingine na vipande viwili mkononi, nikaviweka pale pale mezani: vilikuwa rangi moja kabisa. Ilibidi nijifunze mwanga unafanya nini. Haya ndiyo ninayoyafanya sasa kila ninapotoa hela kununua kitambaa.

Kwanza elewa majora mawili yaliwezaje kupatana usiku na kugombana asubuhi

Rangi unayoiona inatokana na vitu vitatu: mwanga unaoanguka, kitambaa kinachoumeza sehemu ya mwanga huo, na jicho linalopokea kinachobaki. Kitambaa chekundu kinameza bluu na kijani, kinakurudishia wekundu. Kama taa yenyewe haina wekundu wa kutosha, kitambaa hakina cha kukurudishia, na utakiona kimefifia au kimekuwa cha kahawia.

Mwanga wa jua una rangi zote kwa mfululizo, kama unavyoziona kwenye upinde wa mvua. Taa nyeupe ya LED inatengenezwa kwa njia nyingine: ndani yake kuna kipande kidogo kinachotoa mwanga wa bluu, kimefunikwa na unga unaogeuza sehemu ya bluu hiyo kuwa njano. Bluu na njano zikifika jichoni pamoja, ubongo unasema ni nyeupe. Lakini wekundu ule wa mwisho kabisa, wa damu ya mzee na wa zambarau, kwenye taa za bei rahisi ni haba.

Sasa viwanda viwili, au kiwanda kimoja kwa siku mbili tofauti, vinaweza kufikia damu ya mzee kwa mapishi tofauti: mmoja kachanganya rangi hizi, mwingine zile. Chini ya taa moja mapishi yote mawili yanaonekana sawa. Ukibadilisha taa, yanaachana. Wataalamu wa nguo wanaliita jambo hili metamerizimu. Rangi zinazoongoza kwa kuumbua watu ni zile zilizochanganywa sana: damu ya mzee, kijivu, bichi, kahawia, zambarau, kijani cha zeituni na bluu iliyokoza. Njano kali au nyekundu ya bendera mara nyingi haina hila.

Kabla ya kutoka nyumbani, uliza nguo itavaliwa wapi na saa ngapi

Nguo ya kanisani saa nne asubuhi na nguo ya ukumbini saa tatu usiku zinachaguliwa kwa macho tofauti. Namuuliza mteja mambo matatu: itavaliwa mchana au usiku, ndani au nje, na taa za ukumbi ni za rangi gani. Wengi hawajui la tatu. Nawaambia wampigie mpambaji; yeye anajua.

Kisha chomoa boksi la globu yako ya nyumbani usome. Kuna namba yenye herufi K mbele yake, yaani kelvini. Mshumaa una kama 1900K. Globu ya zamani ya waya ina 2700K, ya njano. Halojeni ni kama 3000K. Jua la mchana ni kama 5500K, mbingu yenye wingu ni kama 6500K, na kivuli kilicho chini ya anga ya bluu kinaweza kupita 7000K. Namba ikipanda, mwanga unazidi kuelekea bluu. Taa nyingi za majumbani hapa Dar ni zile nyeupe za 6500K, kwa hiyo gauni la rangi ya pichi ulilolipenda kwenye duka lenye taa za njano litapauka ukilivaa sebuleni kwako.

Namba ya pili ni CRI au Ra. Hiyo inapima taa inazionyesha rangi kwa uaminifu kiasi gani, na mwisho wake ni 100. Globu ya waya na halojeni zinakaribia kabisa 100. LED za kawaida ni kama 80. Kwa meza ya kushonea mimi sinunui iliyo chini ya 90, na ikiwa boksi halisemi kitu, naichukulia kuwa ni ndogo.

Nenda saa tatu hadi saa tano asubuhi, na usiende peke yako

Saa hizo jua limeshapanda, wekundu wa alfajiri umeondoka, na Mtaa wa Uhuru, kwenye maduka ya khanga na vitenge, bado unapitika bila kusukumana. Kuanzia saa kumi na moja jioni mwanga unaanza kugeuka dhahabu, kila kitambaa kinapendeza, na hapo ndipo watu wanaponunua mustarda wakidhani ni dhahabu.

Usivae nguo ya rangi kali. Blauzi nyekundu inamwaga wekundu wake kwenye kitambaa ulichokishika kifuani, tena unajitazama kwenye kioo na kuamini. Vaa kijivu, nyeusi au nyeupe. Miwani ya jua ivue, halafu ukiingia dukani kutoka juani kaa dakika chache macho yazoee.

Kuhusu kutokwenda peke yako: wanaume wengi zaidi kuliko wanawake huzaliwa na upungufu wa kutofautisha nyekundu na kijani, na wengine hawajui mpaka uzeeni. Halafu lenzi ya jicho inazidi kuwa ya njano kadiri umri unavyosogea, ndiyo maana bibi anasema kitambaa ni cheusi na mjukuu anasema ni bluu. Katika kamati nawaomba wanitumie watu wawili, wa rika tofauti ikiwezekana.

Toa kitambaa nje, lakini angalia umesimama chini ya nini

Hapa ndipo penye kazi. Mwambie muuzaji unataka kukiona nje. Wengi hawana shida. Kijana wa duka analibeba jora mwenyewe mpaka kibarazani. Winga ndiye atakayenuna. Atakuambia, "Mama, mchagua nazi hupata koroma." Mjibu kwamba leo hununui nazi.

Usikitandaze kwenye jua la utosi. Jua letu la mchana linafika kama laksi 100,000 (laksi ni kipimo cha mwanga unaoangukia kitu), na kwa ukali huo kitambaa chenye mng'ao kinarudisha weupe mtupu, rangi inaoshwa. Simama kivulini ambako bado unaiona anga, pembeni kabisa mwa kivuli. Pale unapata mwanga wa laksi maelfu kadhaa, unaotoka kila upande, na jicho linatulia. Siku ya wingu jepesi ni bora kuliko zote.

Lakini kivuli cha nini? Kariakoo nusu ya vivuli ni turubai. Ukisimama chini ya turubai la bluu, kila kitu kimetiwa bluu: krimu inakuwa nyeupe, na pinki inakuwa urujuani. Mwavuli mwekundu wa kampuni za simu unafanya kinyume chake. Ukuta wa jengo la mbele uliopakwa kijani nao unakurushia kijani. Mimi natoa karatasi nyeupe ya kawaida kutoka kwenye pochi, naiweka juu ya jora. Karatasi ikionekana ya bluu au ya waridi, nahama hatua tano. Karatasi hiyo hiyo utaihitaji tena kwenye simu.

Ukitazama kitambaa chekundu kwa muda mrefu, jicho linachoka na wekundu, na kitambaa kinachofuata kitaonekana kina ukijani ambao hakina. Kati ya kitambaa kimoja na kingine tazama sakafu ya saruji kwa nusu dakika. Muuzaji atadhani umeangusha hereni. Mwache.

Omba kipande, ukipeleke kwenye taa tatu

Ukishindwa kuomba kipande, nunua nusu mita. Hasara ya nusu mita inavumilika, ya mita 54 ninaijua. Kipande kiwe kikubwa kuliko kiganja, kwa sababu rangi ikienea eneo kubwa huonekana kali zaidi kuliko ilivyo kwenye kipande cha ukubwa wa stempu.

Kama unanunua kutoka majora mawili, chukua kipande kwa kila jora na uandike nyuma kwa kalamu, A na B. Vilaze ubavu kwa ubavu, kingo ziguse, nyuzi za urefu zielekee upande mmoja. Vitazame kwanza kivulini nje, kisha chini ya taa nyeupe ya LED, kisha chini ya globu ya njano. Vikifanana kote kutatu, nunua. Vikiachana hata sehemu moja, tafuta jora lingine, au gawanya kazi mapema: jora hili sketi zote, jora lile blauzi zote. Viwanda na waagizaji wakubwa wanafanya jambo hili hili kwa kisanduku kilichopakwa kijivu ndani, chenye taa ya kuigiza mchana wa 6500K, taa ya njano ya globu ya zamani, na taa ya madukani ya kama 4000K. Wewe una baraza, una sebule, una globu moja ya njano ya kuazima kwa jirani. Inatosha.

Uzi nao upimwe hivyo hivyo. Uzi wa poliesta na kitambaa cha pamba hupokea rangi za aina tofauti, kwa hiyo kuachana kwao ni jambo la kila siku. Usilinganishe kwa kuweka rili nzima juu ya kitambaa. Vuta uzi mmoja, ulaze juu yake. Kwenye rili rangi inaonekana imekolea. Ukishashonwa inakuwa nyepesi. Ukiwa kati ya nyuzi mbili, chukua iliyokoza.

Nyeusi na nyeupe zina vitimbi vyake

Nyeusi ya dukani inaweza kuwa bluu iliyokoza, kijani kilichokoza au kahawia iliyoungua. Usiku hutajua. Beba kitu ambacho una hakika ni cheusi, kama ukanda wa bitana au kipande cha suruali ya zamani isiyopauka, ukiweke kando yake. Suti ya msiba yenye koti la nyeusi moja na suruali ya nyeusi nyingine haifichiki juani makaburini.

Tena nyeusi inategemea majirani zake. Mwaka 1824 mkemia Mfaransa Michel Eugène Chevreul alipewa usimamizi wa upakaji rangi katika karakana za mazulia ya ukutani za Gobelins, Paris. Wafumaji walilalamika kwamba sufu nyeusi yao imepauka, hasa ilipofumwa kwenye vivuli vya bluu na urujuani. Aliilinganisha na nyeusi za kwingine, hakuona kasoro. Kosa lilikuwa jirani: bluu iliyokuwa kando iliifanya nyeusi ionekane imechakaa. Ndivyo ilivyo kwenye kitenge: nyeusi iliyozungukwa na bluu inaweza kuonekana imepauka ilhali ni nzima. Funika bluu kwa karatasi, tazama nyeusi peke yake, ndipo uamue.

Nyeupe ina siri nyingine. Nguo nyingi nyeupe, na sabuni nyingi za unga, zina kemikali inayopokea miali ya urujuanimno isiyoonekana na kuirudisha kama bluu hafifu. Ndiyo kazi iliyokuwa ikifanywa na bluu ya kufulia ya bibi zetu, kwa njia nyingine. Juani, palipo na miali hiyo, shati linawaka. Ndani chini ya LED ya kawaida, isiyo na miali hiyo, shati hilo hilo linashuka kuwa kama maziwa. Kwa hiyo bwana harusi akitaka kanzu nyeupe ifanane na kofia na mtandio wa bibi harusi, vitu vyote vitatu vipelekwe nje, kisha ndani. Nimeona kanzu na mtandio vilivyofanana chumbani vikatengana mlangoni mwa msikiti.

Umbile la kitambaa: weka tochi ilale

Rangi inataka mwanga unaotoka kila upande. Umbile linataka kinyume chake, yaani mwanga mmoja unaopita chini chini juu ya kitambaa, kama jua la saa kumi na mbili linavyoonyesha kila kokoto barabarani.

Tandaza kitambaa mezani mahali penye giza kidogo. Washa tochi ya simu, ilaze ukingoni mwa kitambaa mwanga utambae juu yake. Kila fundo la uzi sasa lina kivuli chake. Utaona mistari iliyofumwa kwa kulegea, uzi mnene uliopenya, mkunjo wa jora ambao pasi haitautoa. Izungushe tochi robo, utazame tena, maana kasoro za nyuzi za urefu hazionekani mwanga unapotoka upande ule ule zinakoelekea. Sasa simama wima na umulike moja kwa moja kutoka juu: kasoro zote zimepotea. Taa za dari za dukani zinamulika hivyo hivyo siku nzima.

Khanga na vitenge vipya huwa na wanga na vimepigwa pasi ya kiwandani, ndiyo maana vinang'aa na kusimama. Sugua pembe moja kati ya vidole kwa nguvu, kama unafua. Ukiona vumbi jeupe na pale uliposugua pamelegea, laza tochi hapo: umbile unaloliona ndilo litakalobaki baada ya kufua mara ya kwanza.

Halafu kiinue kitambaa kati yako na anga. Kitambaa kilichofumwa kwa haki kinapitisha mwanga kwa usawa. Kilichofumwa ovyo kina mistari ya giza na ya mwanga kama pazia la mvua. Ingiza mkono nyuma yake. Ukiweza kuhesabu vidole vyako, weka bitana. Kwa madera na kanzu nyepesi hili ni la lazima, kwa sababu mvaaji akisimama mlangoni jua likiwa nyuma yake, waliokaa ndani wanaona kila kitu. Na bitana ya nguo nyeupe iwe karibu na rangi ya ngozi ya mvaaji. Bitana nyeupe chini ya nyeupe ndiyo inayojichora.

Mahameli ni somo zima. Ina manyoya yaliyolalia upande mmoja. Papasa, upande mmoja unateleza, upande mwingine unakwaruza. Ukiitazama manyoya yakielekea juu, mwanga unazama ndani na rangi inakolea. Yakielekea chini, inang'aa na kuwa nyepesi. Kwa hiyo mgongo ukikatwa umegeuzwa na kifua hakijageuzwa, umeshona nguo ya rangi mbili kutoka jora moja. Chora mshale kwa chaki nyuma ya kila kipande kabla mkasi haujagusa kitu, vyote vielekee upande mmoja. Kitambaa kitaliwa zaidi, mwambie mteja mapema. Satini nayo ina tabia hiyo, kwa kiasi kidogo, na mafundi wengi wanalaumu jora wakati wa kulaumiwa ni mkasi.

Satini ina jambo la ziada. Sehemu inayong'aa haionyeshi rangi ya kitambaa. Inaonyesha rangi ya taa. Ndiyo maana satini ya fedha ukumbini kwenye taa za njano inakuwa ya dhahabu, ilhali pamba ya kijivu iliyo kando yake imebadilika kidogo tu. Mng'ao pia unakuza mikunjo: kila mahali nguo inapobana, mstari mweupe unajichora. Kwa mteja anayetaka kuficha tumbo, tandaza satini na krepu kwenye goti lako, zikunje, mwonyeshe. Ataamua mwenyewe bila wewe kusema neno.

Meza ya fundi: dirisha linahama na pepo

Vitabu vya Ulaya vinamwambia fundi akae kwenye dirisha la kaskazini, kwa kuwa kule jua haliingii moja kwa moja. Dar iko kama digrii 6.8 kusini mwa ikweta, na ushauri huo hapa ni nusu ukweli. Tangu mwanzoni mwa Machi hadi kama tarehe 10 Oktoba jua la saa sita linapita upande wa kaskazini. Miezi iliyobaki linapita kusini. Kumbuka hivi: upepo wa kusi ukivuma, jua liko kaskazini, kaa dirisha la kusini, upepo wa kaskazi ukivuma, jua liko kusini, hamia dirisha la kaskazini. Mwenye dirisha moja tu aweke pazia jepesi jeupe. La rangi hapana.

Usiku, taa ya dari haitoshi kwa nguo nyeusi. Weka taa ndogo upande wa kushoto wa cherehani kama unatumia mkono wa kulia, chini, iangaze kwa ubavu. Mishono inatokeza na macho hayaumi. Umeme ukikatika usilinganishe rangi kwa tochi ya simu; endelea kupiga pindo.

Ukumbini

Taa za rangi za LED zinazomulika ukuta kutoka chini kwenda juu ndizo zinazotawala kumbi za sasa, na hazina huruma. Mwanga mwekundu mtupu ukianguka kwenye gauni la kijani kibichi unakuta hakuna cha kurudishwa, gauni linakuwa karibu jeusi. Mwanga wa bluu unaiua rangi ya chungwa. Nyeupe na fedha zinavaa rangi yoyote ya taa. Mwombe mpambaji awashe taa zake siku ya majaribio, uingie na kipande chako. Akiwa na taa za zambarau, kijani cha ndizi kwa wasimamizi ni hasara.

Sherehe ya bustanini ina kipindi chake kifupi cha hatari. Machweo ya kwetu hayachelewi, kama dakika 20 giza limeingia, na katika dakika hizo nyekundu ndiyo inayozima kwanza, huku bluu na kijani zikibaki hai. Mwanasayansi wa Kicheki Jan Purkinje aliligundua jambo hilo katika karne ya 19. Kamati ikiwa imevaa damu ya mzee, picha za pamoja zipigwe kabla ya saa kumi na mbili jioni, au taa ziwashwe mapema.

Simu: picha ya WhatsApp siyo kipande

Simu inajaribu kusahihisha mwanga yenyewe. Ukipiga picha kitambaa chekundu kikajaza skrini nzima, inadhani taa ndiyo nyekundu na kupunguza wekundu. Kwa hiyo weka ile karatasi nyeupe ndani ya picha, pamoja na mkono wako. Jicho la mteja linaijua rangi ya mkono wa mtu. Piga kivulini, bila flashi, kwa sababu flashi inamulika kutoka mbele na kulilaza umbile lote. Tuma picha mbili: moja ya rangi kwenye mwanga uliotulia, nyingine ya karibu, mwanga ukitoka ubavuni, aone nyuzi. Mwambie mteja azime hali ya usiku ya simu yake, ile inayoifanya skrini kuwa ya njano. Mistari myembamba sana ikionekana inacheza kama mawimbi, hiyo ni kamera. Kitambaa hakina ugonjwa.

Na hata akisema "hiyo hiyo, fundi, kata," mimi sikati mpaka kipande chenyewe kimfikie kwa bodaboda. Nauli analipa yeye.

Tunza daftari

Kila kazi ikiisha, bana kipande na uzi wake kwenye daftari kwa stepla. Andika tarehe, duka, jora namba ngapi kama lebo inayo, na taa ulizokipimia. Lifunge na uliweke kabatini, kwa kuwa vipande vinavyoachwa dirishani vinapauka na vitakudanganya mwakani mteja akirudi kutaka mita mbili za kuongezea. Kwenye ukurasa wa kwanza wa langu nimebana zile damu ya mzee mbili, A na B. Mteja akija usiku na kuniuliza kwa nini nimebana kipande kimoja mara mbili, namwambia aje kesho saa tatu asubuhi, tukae barazani.